Karatasi Uliyoiandika Gerejini kwa Anko Jitu

Mwanangu Rahma,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi, pamoja na dua, kwa hiyo hapa naziruka. Ya koti zito, ya kuswali kwa wakati, ya kutokula chipsi kila siku na ya kumpigia simu bibi yako kila Ijumaa, mama yako ameshayasema mara tatu tangu jana, na mara ya tatu uligeuza macho juu, nikakuona. Mimi sina la kuongeza. Glasgow si mwezini. Huko nako watu wanakula, wanafua nguo na wanalala.

Nina saa chache tu. Umevuka mji mzima kwenda Peckham kusukwa, kana kwamba Tottenham nzima hakuna mikono, na namjua huyo msusi wako: ukiingia kwake adhuhuri unatoka magharibi. Mama yako yuko kazini. Nimekaa jikoni, kwenye kiti chako, na barua hii nimeianza mara nne. Tatu ziko ndani ya pipa chini ya maganda ya viazi. Usizitafute.

Nataka kukueleza habari ya ile karatasi.

Jumanne ulikuwa unasafisha droo yako, ukaja hapa jikoni na kikaratasi cha manjano, kimekunjika pembe, kimeandikwa kwa mkono wako wa utotoni, zile herufi zako za duara. Ukakiweka mbele ya sahani yangu. Ukasema, "Remember this, Baba?" Mimi nikasema, "Takataka hizo, tupa." Hukutupa. Ukanitazama, ukasema polepole, na kwa Kiswahili, wewe ambaye Kiswahili unakisikia tu na kujibu kwa Kizungu: "Nilikuuliza siku ile. Nilikuuliza, Baba." Halafu ukachukua nguo zako kwenye mashine ukapanda juu.

Tangu Jumanne sijielewi. Nimetia chumvi kwenye chai. Kazini nimefungua tairi la basi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Kwa sababu sijui unajua nini. Labda unajua yote, labda hujui ila nusu, na hiyo nusu ndiyo inayonitisha: kwamba tangu una miaka kumi unadhani jicho la Anko Jitu lilipotea kwa sababu ya mkono wako. Basi nitaeleza toka mwanzo, hata yale unayoyajua, unisamehe nikikuchosha.

Unajua jinsi nilivyoanza kupiga shabaha. Watu walinicheka sana. Mama yako alisema wanaume wenzangu wa Kizanzibari wanacheza bao na karata, mimi nakwenda kutoboa karatasi porini na Wazungu. Ni Jitu aliyenipeleka. Tulisoma pamoja skuli Unguja, yeye mtoto wa muuza vitambaa, mimi mtoto wa karani. Tukapotezana miaka mingi, kisha nikaingia duka moja hapa Tottenham kununua ukwaju, nikasikia mtu nyuma ya kaunta anamgombeza muuza jumla kwa simu, kwa Kigujarati kilichochanganyika na matusi ya Kiswahili cha Darajani. Nikajua tu. Tulikumbatiana juu ya magunia ya dengu mpaka wateja wakaona haya.

Yeye alikuwa na kibali cha polisi na bunduki ya shabaha, na klabu yake iko nje ya mji upande wa Essex. Alinichukua Jumapili moja nikapenda. Niliipendea kitu kimoja: pale hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Waliniuliza nimepata pointi ngapi. Baadaye nikapata kibali changu, na sisi wawili tukawa tunajaza risasi zetu wenyewe gerejini nyuma ya nyumba yake, kwa sababu za kujaza mwenyewe zinalenga vizuri kuliko za dukani, au ndivyo tulivyojidai.

Wewe ulikuwa unakaa pale kila Jumamosi, mama yako akiwa zamu, unafanya hesabu zako kwenye meza ndogo karibu na hita. Kazi tuliigawana. Mimi nilisafisha maganda matupu na kupachika fataki, ule mfuniko mdogo wa bati unaokaa kitakoni mwa ganda, ambao ukigongwa hutoa cheche na kuiwasha baruti. Jitu alipima baruti. Mizani yake ndogo aliipenda kuliko wanawe, na alikuwa akipima kila chembe mara mbili, akitoa ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo. Na kila kisanduku kilichokamilika kiliwekewa karatasi ya manjano: tarehe, baruti gani na kiasi gani, fataki gani, risasi gani, na chini kabisa neno "mikono", kisha J na S, yeye na mimi. Hiyo ilikuwa sheria ya Jitu. Alikuwa akisema, "Yakhe, kisanduku kisicho na karatasi ni maiti isiyo na jina." Mwandiko wangu mbaya na wake mbaya zaidi, kwa hiyo karatasi ukaziandika wewe. Ulijiona mkubwa sana.

Sasa nafika penyewe.

Jumamosi ile fataki zetu za bunduki zilikwisha, na madukani hazikuwepo, tuliambiwa tusubiri wiki sita. Kesho yake Jitu alikuwa na mashindano aliyoyangojea tangu baridi. Alikuwa ndani anaswali swala yake ya chai, maana Hansa, mkewe, alikuwa hamwachi afanye lolote kabla hajanywa chai. Kwenye rafu palikuwa na kisanduku kingine cha fataki, za aina ya bastola, ambazo Jitu alikuwa akizitumia kwa ile bunduki yake nyingine ya kizamani yenye risasi nene. Nikaitoa moja nikaipima. Upana ule ule. Kimo kile kile. Nikaipachika kwenye ganda, ikaingia taratibu kabisa.

Hebu nifikirie, Rahma, mtu niliyekuwa mimi. Mtu aliyeishi hapa miaka ishirini kwa kubadilisha kitu kwa kitu. Nazi hakuna, tia ya kopo. Samli hakuna, tia siagi. Mchele wetu hakuna, pilau tunapika kwa wa Kihindi na wageni wanaramba vidole. Mama yako ameokea mkate wa kumimina kwenye bati la keki, na kila kopo la aiskrimu kwenye friji yetu lina mbaazi. Maisha yetu yote hapa yamesimama juu ya neno moja: si hoja. Na mara nyingi, wallahi, haikuwa hoja. Ndiyo maana mpaka leo sielewi vizuri nilaumu nini, mkono wangu au mazoea yangu.

Na lililo zaidi kunichanganya ni hili. Mimi ni fundi wa mabasi. Kazini kila bolti ina namba yake. Kijana akiniletea bolti ya breki inayofanana na ile inayotakiwa, upana ule ule, urefu ule ule, mimi huitupa chini na kumuuliza kama anajua basi linabeba watu wangapi. Kazini nisingethubutu. Kwa nini pale gerejini nilithubutu? Nimejiuliza miaka minane. Wakati mwingine nasema ni haraka. Wakati mwingine nasema nilitaka kumfurahisha Jitu asikose mashindano yake. Wakati mwingine, na hii ndiyo siipendi, nasema ni kwa sababu nilitaka akitoka kwenye chai akute kazi imekwisha, aseme, "Salim bwana, wewe fundi kweli." Huenda ni yote. Huenda si hata moja. Nimeikata sentensi hii mara mbili nikairudisha.

Nilipachika hamsini. Ukaja na karatasi yako na kalamu. Ukatazama kisanduku kitupu juu ya meza, na wewe kusoma ulikuwa unapenda kusoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya dawa ya meno. Ukasema, "Baba, hii box si ile ya siku zote. It says pistol. Niandike hii?"

Nami nikasema, "Andika ile ile tu."

Maneno manne. Ukasema, "But it's not," na mimi nikasema, "Rahma, andika." Kwa ile sauti. Ukaandika. Nadhani mkono wako ulikosea mara ya kwanza ukaiweka kando, ukachukua karatasi nyingine, na hiyo ya kwanza ndiyo iliyolala kwenye droo yako mpaka Jumanne. Sina hakika. Wewe utajua.

Jitu akatoka kwenye chai, akapima baruti yake, ulimi pembeni, akafunga risasi. Sikumwambia. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, akaanza hadithi ya mteja aliyerudisha embe zikiwa zimeliwa nusu, tukacheka, na maneno yangu yakapita.

Jumapili, risasi ya saba. Nilikuwa nimelala tumboni mkekani pembeni yake. Bati la fataki ya bastola ni jembamba kuliko la bunduki, kwa sababu bastola haina nguvu kiasi kile. Hiyo ndiyo tofauti yote, unene wa bati, kitu usichoweza kukiona kwa jicho. Lilitoboka pale lilipogongwa, na moto ukarudi nyuma. Miwani ya kinga alikuwa ameipandisha juu ya paji la uso, ilikuwa imefanya ukungu. Sikusikia kelele yake. Nilimwona tu anakaa kitako kwenye majani, amefunika uso kwa mikono miwili, anasema, "Salim, hebu nitazame. Hebu nitazame, kuna nini?"

Jicho la kulia halikurudi.

Sasa sikiliza jinsi uongo wangu ulivyozaliwa, maana sikuuzaa kwa maneno. Klabuni walisema fataki ikitoboka hivyo ni baruti iliyozidi. Walisoma karatasi yako: fataki ni zile zile za siku zote, kwa hiyo kilichobaki ni baruti. Jioni nikaenda hospitali. Nimejiandaa, wallahi nilikuwa nimejiandaa, nimeyapanga maneno kwenye basi. Kabla sijakaa, Jitu akanishika mkono akasema, "Yakhe, nilizidisha. Macho yangu yameshaanza kuniasi, sikutaka kukubali. Afadhali imenipata mimi, ingekupata wewe ningefanyaje?"

Nikasema, "Pole, Jitu."

Basi. Sikuongeza neno. Kesho yake nilijitolea kuzifungua zile zilizobaki, nikazifungua zote peke yangu, mlango umefungwa, na hilo hakuna aliyelishangaa kwa sababu mimi ndiye fundi.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na tende hili likaota mguuni mwa mtu mwingine. Unamjua Anko Jitu wa leo. Unadhani ndivyo alivyokuwa siku zote, mzee mpole anayeuliza uliza. Si hivyo. Alikuwa na jeuri yake. Alikuwa akipima pilipili manga kwa kiganja na kukwambia uzito wake, ukiweka kwenye mizani ni ule ule. Baada ya jicho, aliporudisha bunduki, aliporudisha leseni ya gari, hakurudisha vitu tu. Kila anachokipima dukani anamwita Hansa asome mizani. Kila kitu, hata binzari ya chai. "Hansa, hebu soma. Mie siuamini mkono wangu." Nimekuwa nikisimama mbele ya kaunta ile kila wiki, miaka minane, nikisikia hayo maneno, nikichukua dengu zangu, nikisema ahsante.

Ulipotuambia unakwenda kusomea famasia, mama yako alilia kwa furaha na mimi nikatoka nje kama mtu anayetaka hewa. Nilijiuliza kama ni kwa sababu ya ile karatasi. Kwamba umechagua kazi ya kutazama kilichoandikwa na kilichomo ndani, ukahakikisha ni kimoja. Huenda unapenda kemia tu. Sikuthubutu kukuuliza, nisije nikakukumbusha, na kumbe wewe ulikuwa hujasahau.

Kwa hiyo, kabla sijachanganyikiwa tena: wewe hukukosea. Uliona, ukauliza, ukauliza mara ya pili, ukanyamazishwa na mtu uliyemwamini. Mtoto wa miaka kumi alikuwa fundi kuliko fundi. Nakuomba radhi, Rahma. Sijawahi kuliandika neno hili kwako na linaonekana dogo sana hapo kwenye mstari. Sikwambii usimtii mtu, sijui hata nikwambie nini. Nakwambia tu kwamba siku moja mtu mwenye sauti kubwa kuliko yako atakwambia "andika ile ile," na natamani siku hiyo unikumbuke mimi, si kwa wema.

Kuna jambo moja tena. Nilidhani nitakuandikia haya kisha nitafute siku ya kumwambia Jitu. Lakini asubuhi hii nilipokuwa nikiandika barua ya kwanza, ile iliyo chini kabisa ya pipa, niliona naandika "tafadhali usimwambie Anko." Nikaisoma. Miaka minane imepita na bado ninakutuma uandike ile ile. Nikavaa viatu.

Dukani hapakuwa na mtu. Hansa alikuwa nyuma stoo. Jitu alikuwa anapanga mifuko ya unga. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nilimwambia fataki zilikuwa zipi na nani alizipachika na wewe uliambiwa nini.

Aligeuka, mfuko wa unga mkononi. Akauliza, "Za bastola?"

"Za bastola."

"Zile za rafu ya juu?"

"Zile zile."

Akaweka mfuko wa unga chini. "Baruti nilipima sawa?"

"Ulipima sawa, Jitu."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Haikuzidi hata chembe?"

"Nilizipima zile nilizozifungua. Haikuzidi hata chembe."

Akageuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, sikujua kama ni kilio au ni hasira, na mpaka sasa sijui. Kisha akasema bila kunitazama, "Toka dukani kwangu, Salim."

Nikatoka. Nimefika mlangoni akasema, "Rudi. Vitu vya mtoto." Nikarudi. Akachukua mfuko, akaanza kukujazia chevda, vile vitafunwa vikavu unavyovipenda vyenye zabibu, na korosho, na zile kashata za ufuta. Akaweka kwenye mizani. Hansa alikuwa ametoka stoo, hajui lolote, akaja kama kawaida yake, akainama kusoma namba.

Jitu akamzuia kwa mkono. Akasema, "Wacha. Naona."

Akasoma mwenyewe. Akafunga mfuko kwa uzi, akanipa. Akaniambia, "Kesho saa mbili nakuja kumuaga Rahma. Nakuja kwake, sikuji kwako." Hayo ndiyo ya mwisho aliyoniambia. Sijui kama nimempoteza. Huenda nitakaa muda mrefu nikijiuliza, na nimestahili. Akija kesho wewe mfungulie mlango. Mimi nitakuwa jikoni.

Mfuko wa chevda uko kwenye sanduku lako, upande wa kushoto, chini ya zile soksi ambazo mama yako anadhani hazitoshi. Barua hii nitaiweka hapo hapo. Ndani yake kuna karatasi ya manjano. Nimeikata kwa mkasi, na mwandiko ni mbaya kama ulivyokuwa, lakini ni wangu. Ile yako ya zamani, ukitaka, sasa unaweza kuitupa.

Baba yako,
Salim

*Baruti: ile ile ya siku zote. Ilipimwa na Jitu, na ilikuwa sawa.*
*Fataki: za bastola, si za bunduki. Zilipachikwa na Salim, naye alijua.*
*Karatasi ya kwanza iliandikwa na Rahma, miaka kumi, baada ya kuuliza mara mbili.*
*Mikono: S.*